Jina la Nasta, Maksi Zangu

Muheza, Tanga
Jumamosi asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute kifua kimetulia, na ile miwani niliyokutumia iwe bado na vioo vyake vyote viwili, maana nataka uisome mwenyewe bila kumpa mtu akusomee. Mama naye nampa shikamoo yake hapa hapa kabla sijaanza kuchafukwa: mguu unaendeleaje, na zile dawa anazimeza kweli au anazihesabu tu na kuzirudisha kwenye pakiti? Mvua zimeanza huko Litapunga? Mahindi mmeshapanda? Sisi huku tu wazima. Baba Elia bado anaendesha trekta la shamba la mkonge na anakusalimu sana. Elia yuko darasa la tano. Mdogo wake Mage ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka na kila mtu anayepita ili aonyeshe pengo lake.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu zipo. Baba, nakufahamu. Maneno yakiwa mazito unasema mtandao unasumbua, halafu unampa Mama simu. Kwa hiyo nimeandika, na nitamkabidhi kondakta wa basi la Tabora ampe mwenzake wa Mpanda. Kaa chini usome.

Unajua nafanya kazi kwenye zahanati ya shamba. Nafagia, nachemsha vifaa, naita majina ya wagonjwa dirishani. Mganga wetu mfawidhi ni mama mmoja mkali, hana mchezo na mtu. Mwezi uliopita aliniangalia nikifunga kidonda cha mkata mkonge aliyejikata mguu, akasubiri mgonjwa atoke, akasema, "Sesilia, wewe unafunga kuliko hawa wanaoletwa kutoka chuoni. Nenda kasome uuguzi. Mwakani nikikukuta bado umeshika fagio nitakufukuza mimi mwenyewe." Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanipa karatasi yenye majina ya vyuo na akasema dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, yaani jana.

Sasa ndipo tabu yangu ilipoanzia, maana fomu inataka namba ya mtihani wa kidato cha nne, na mimi ninazo mbili. Wewe unajua kwa nini. Lakini nitaandika yote kana kwamba hujui, kwa sababu nyumbani kwetu yale tunayoyajua wote ndiyo hatujawahi kuyasema.

Nilipofeli darasa la saba ulikaa siku mbili hujaongea na mtu. Ya tatu ukanipakia kwenye baiskeli mpaka shule ya kata nyingine ambako hakuna aliyenijua, ukamwambia mwalimu mkuu kwamba mimi ni Anastazia Mathias Kasalama, mtoto wa kaka yako, nimehamia kwako. Ulikuwa na karatasi ya uhamisho ya dada Nasta, Anastazia mwenyewe, mfukoni. Baba mkubwa alikuwa amehamia Karema kwa biashara ya dagaa, Nasta akaishia darasa la sita, na uhamisho wake haukuwahi kupelekwa shule yoyote. Nikarudishwa la sita. Mimi, mwanao, nikawa mtoto wa kaka yako.

Sikulaumu kwa hilo. Wengi walirudia hivyo, na bila hivyo ningekuwa na kidato gani mimi? Na nilijua umelitoa wapi wazo lile. Ulikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha tumbaku. Mkulima akija na marobota mengi kuliko aliyoandikishiwa, ulimpimia yanayozidi kwa namba ya jirani ambaye tumbaku yake imeungua kwenye bani la kukaushia. Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema namba isilale bure wakati mwenzake ana mzigo. Mkaelewana, mkagawana, hakuna aliyelia. Basi na mimi ulinipima hivyo hivyo.

Lakini hujui ilivyokuwa upande wangu. Ulitukataza wote kuniita Sesi, hata nyumbani, nisije nikaitika vibaya mbele ya mkaguzi. Mama aliniita Sesi tukiwa mtoni tu, tena akiangalia huku na huku kwanza. Ulipokuja kunitembelea sekondari nilikupigia magoti mbele ya walimu nikasema, "Shikamoo baba mdogo," na wewe ukaitikia, "Marahaba mwanangu," ukanipa karanga. Miaka sita, Baba. Hata leo ukipokea simu unasema, "Anastazia, hamjambo huko?"

Kwa jina hilo nikapata daraja la pili. Biolojia B, Kemia B. Ulinunua soda za mtaa mzima. Halafu ikaja mimba ya Elia, nikaolewa, nikaletwa huku Tanga, na cheti kikabaki kwenye sanduku lako la bati. Nilipoandikishwa kitambulisho cha taifa nikatoa jina langu la ubatizo, Sesilia Leonsi Kasalama, kwa sababu nilichoka. Nikakupigia unitumie cheti, nikitaka kuulizia namna ya kuyaunganisha majina yangu mawili. Ukaniambia mchwa wamekula sanduku lote, hakuna kilichobaki. Ulisema kwa sauti ya chini sana mpaka nikakuonea huruma. Nilikwambia, "Pole Baba, usijilaumu."

Ndiyo maana nikaanza upya. Miaka mitatu ya masomo ya jioni, nimebeba Mage mgongoni, mtihani wa maarifa kwanza halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipata daraja la nne. Biolojia C, Kemia D, Fizikia D. Sikumwambia mtu nyumbani. Niliona aibu, Baba, aibu kabisa, mtu aliyewahi kupata B ya Kemia anapata D akiwa na watoto wawili.

Kwa hiyo wiki hii nilikuwa na kazi ya kuchagua: yale mazuri yenye jina la watu, au yale mabaya yenye jina langu. Namba ya zamani sikuisahau, nimeiandika kwenye jalada la Biblia. Nilipima nikaona wanachukua watu wachache na waombaji ni wengi, mwenye daraja la nne atakaa mkiani. Nikaamua kutuma ya Anastazia. Nitakula kiapo mahakamani kwamba Anastazia na Sesilia ni mtu mmoja, nitaripoti polisi kwamba cheti kimepotea, watanipa kingine. Sikuona ubaya. Maksi nilizitafuta kwa kichwa changu.

Alhamisi mchana nikaenda kwa Mwanaidi, mwenye steshenari karibu na stendi, ndiye anayejazia watu fomu. Nikamtajia namba. Akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, akakunja uso.

"Dada, hii namba ina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye mimi?"

"Inasema mwombaji ameshasajiliwa, ameshasoma, na amehitimu. Uuguzi. Miaka mitano iliyopita." Akanigeukia. "Wewe umeshawahi kusoma uuguzi?"

Nikamwambia arudie, labda amekosea tarakimu. Akarudia mara tatu, mimi nikimsomea kutoka kwenye jalada la Biblia, na mara tatu ikaja vile vile. Jina, Anastazia Mathias Kasalama. Shule yangu. B yangu ya Biolojia, B yangu ya Kemia, pale kwenye kioo, na chini yake chuo cha mkoa mwingine ambako sijawahi hata kupita na basi. Nikajua ni wezi wa vyeti, hawa wanaosikika redioni. Nikampigia simu mtu wa ofisi ya chuo hapo hapo, namba ilikuwa kwenye ukurasa wao, kwa hasira zote.

Yule baba alikuwa mstaarabu. Akasema, "Kama kweli wewe ndiye Anastazia, nitajie mlezi uliyemwandika."

Mdomo ulijibu kabla yangu. Ulijibu nilivyozoea kujibu sekondari. "Leonsi Kasalama. Baba mdogo wangu."

Akasema, "Sawasawa, ndiye huyu hapa. Sasa Anastazia, umeshahitimu. Unataka nini tena?"

Baba, nilikata simu. Mwanaidi aliniletea maji na mimi nikayashika tu mkononi. Mwizi ana mlezi, na mlezi ni wewe. Nimejifungua mara mbili, nimeona mtu akifia mikononi mwangu pale zahanati, lakini sijawahi kushtuka vile. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka Mwanaidi akahudumia watu wanne.

Na bado sikuelewa, uone ninavyokuamini. Nilianza kuelewa nikiwa njiani kurudi, kidogo kidogo. Dada Nasta ni nesi. Yuko zahanati upande wa Inyonga. Nyie wote mliniambia kwa furaha, eti Nasta kasoma huko huko Karema ziwani, kwa shule za binafsi, na mimi nikashangilia kuliko nyie. Nilimnunulia hata ile saa ya nesi ya kubandika kifuani, nikaipeleka kwa basi, na kikaratasi juu yake: "Hongera dada, umesoma kwa jasho lako." Sikuwahi kujiuliza mtu wa darasa la sita amepitaje mpaka chuoni. Nani angejiuliza?

Nikampigia. Nilikuwa nimepanga matusi, sikufichi. Aliposikia sauti yangu akasema, "Umejua."

Nikasema, "Nimejua nini? Sema wewe."

Akasema, "Mdogo wangu, baba mdogo aliniletea cheti Karema yeye mwenyewe. Alisema umeshaolewa huna kazi nacho, na kwamba amekuuliza na umekubali, kwa kuwa jina ni langu. Nilifurahi, nikakuombea. Halafu ilipokuja saa na ule ujumbe wako wa jasho, nikakaa chini. Nikajua hujaambiwa kitu. Sijawahi kuivaa ile saa. Iko kwenye kasha lake."

Kwa hiyo mimi niliambiwa mchwa, na yeye akaambiwa nimekubali. Baba. Sisi wawili tulidanganywa na mdomo mmoja, kila mtu kwa lugha yake, na wewe ukaendelea kula ugali kati yetu kila Krismasi Nasta alipokuja kuwasalimia.

Nikamuuliza alifauluje chuoni bila sekondari. Hapo ndipo alipoanza kulia. Akasema ulimpelekea na gunia la madaftari yangu, yote, na alifeli muhula wa kwanza, akarudia. "Lile la Kemia la ganda la bluu nimelisoma mpaka limeachia katikati. Mahali ulipoandika pembeni kwamba hujaelewa, na mimi nilikwama hapo hapo. Kila nilichojua nilikitoa kwenye mwandiko wako." Halafu akajifuta, nilisikia anajifuta, akasema, "Tuma. Cheti ni chako. Ukituma wataona watu wawili kwenye namba moja, watanifuata. Sitakataa. Niambie tu siku utakayotuma nipange vitu vyangu, kuna mama mwenye mimba ya mapacha nataka nimwandikie barua ya rufaa ya kwenda hospitali Mpanda kabla sijaondoka."

Hakuomba. Angeniomba ningepata nguvu ya kumkatalia. Nilisema nitafikiri, nikakata.

Nikuambie ukweli wangu wote kama binti yako. Nilitaka kutuma. Nilitaka waje wamkamate na wakufuate na wewe hapo Litapunga na miwani yako, watu waone. Nilimwambia Baba Elia na yeye akasema, "Amua wewe, mimi nitakubeba vyovyote," jibu ambalo halinisaidii chochote. Nilipika wali ukaungua. Kichwani nilikuwa naona ile B ya Kemia tu. Ile B niliitafuta kwa tochi, kwa njaa, nikiitwa jina lisilo langu, na sasa kumbe haiwezi kunisaidia hata mara moja. Nikiigusa, inamwangusha Nasta. Nisipoigusa, nabaki na D.

Na lingine likanijia, likaniuma zaidi: hata kama wangekuja, wangemkuta nani ana kosa? Jina ni lake, alibatizwa nalo. Maksi ni zangu. Cheti kile hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukishika akasema hiki ni halali yangu chote. Mimi nilichukua jina lake bila kumuuliza, na yeye akachukua maksi zangu bila kuniuliza, na aliyeulizwa pande zote ni wewe peke yako. Ulidhani sisi ni marobota. Marobota yakishapimwa yanapakiwa kwenye lori na yanaondoka, hakuna anayerudi kuuliza. Sisi tulibaki, Baba, tukakua.

Jana asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mwanaidi kabla hajafungua. Akaniuliza, "Tunatuma yapi?" Nikamtolea karatasi ya matokeo ya mwaka jana. Akaandika namba. Jina likaja lote kwenye kioo: Sesilia Leonsi Kasalama. Langu, lako, la babu. Sijawahi kuliona likiwa limepangwa hivyo na alama za mtihani chini yake. Niliomba asishushe ukurasa haraka.

Mwanaidi akasoma D zangu, akasema, "Zinaruhusiwa hizi, dada. Sifa unazo. Ila wenye daraja la pili watakaa mbele yako kwenye foleni."

"Najua," nikamwambia. "Nimewahi kuwa mmoja wao."

Hakuelewa, akabonyeza. Ikaenda. Majibu ni wiki sita, na huenda nikakosa, na nikikosa nitafagia mwaka mwingine na Mama Mfawidhi atanifokea, na nitaomba tena kwa D hizo hizo. Nilipotoka pale nikakaa kwenye ngazi ya duka la mbegu. Wallahi sikujua kama nimefanya jambo jema au nimejifungia mlango.

Nimeshampigia Nasta. Nimemwambia asipange kitu chochote, amshughulikie mama wa mapacha, na saa aivae kesho akienda kazini. Alisema hawezi. Nikamwambia nimekasirika bado na asinijaribu, aivae. Daftari la bluu nalo nimeliomba, kwa mkopo, kama nitaitwa chuo.

Sasa wewe. Yeye nimemaliza naye, lakini wewe sijui nikufanyeje. Siwezi kukutukana, wewe ni baba yangu, na ile baiskeli siku ile uliisukuma kwa mguu kwenye mchanga wote ili mimi nisishuke. Nakumbuka. Ndiyo maana inauma. Usinitumie mtu wa kunibembeleza, usimtume baba mkubwa, wala paroko. Usiniletee habari za namba kulala bure. Usimlaumu Nasta kwa kusema, na usimgombeze Mama, maana najua utamuuliza kama alijua. Kama alijua, ataniambia mwenyewe siku moja mtoni.

Nisalimie bibi mzaa Mama, umwambie Mage ana macho yake. Msalimie kaka yangu anayefuga nyuki na mke wake, wifi yangu, nimesikia amejifungua salama. Baba mkubwa Karema shikamoo yake, lakini bila maneno. Jirani yetu mama wa sokoni mwambie vitenge alivyoagiza nimeviona, nitavileta. Na Mama umshike mkono kwa ajili yangu.

Kesho kutwa barua itakuwa imekufikia. Jumapili ijayo mkitoka misa nitapiga simu. Usimpe Mama kwanza. Pokea wewe, na hata mtandao ukiwa mbaya kiasi gani, kabla hujaniuliza habari za watoto, niite jina langu. Nitakuitikia "Abee Baba," siyo baba mdogo. Mengine tutayaongea baada ya hapo, au hatutayaongea.

Ni mimi, mwanao wa kumzaa,

Sesilia Leonsi Kasalama